Dawa ya siku 14 kwenye mboga ya wiki tatu

Mchicha unaouzwa kwa mafungu pembeni ya Barabara ya Morogoro, Mbezi Luis, hukaa bustanini wiki tatu hadi nne tu. Matembele ndiyo kabisa: yanachumwa leo, na baada ya siku chache yanachumwa tena. Sasa chukua dawa ya viwavi ambayo lebo yake inamtaka mkulima asubiri siku 14 baada ya kupulizia ndipo avune. Hesabu inagoma. Wa mchicha atasubiri nusu ya umri wa mboga yake au zaidi. Wa matembele atawakosa wateja wake.

Kwa hiyo kumhubiria mkulima afuate maelekezo ya chupa hakutoshi. Kwanza asiuziwe dawa isiyoendana na mboga yake. Aulize dukani dawa iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na yenye siku chache za kusubiri, kama za mwarobaini au za bakteria Bt, ambao huharibu utumbo wa kiwavi. Mlaji naye aoshe majani kwa maji mengi, ingawa maji hayaondoi sumu iliyokwishaingia ndani ya jani.

Anayeumia zaidi ni mpuliziaji. Wengi hujifunga kitambaa puani kwa kuogopa harufu, kumbe mlango mkubwa ni ngozi. Bomba la mgongoni likivuja, dawa hushuka kiunoni hadi kinenani. Majaribio ya Howard Maibach na wenzake, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1971, yalionyesha kuwa ngozi ya kigasha cha mkono ilinyonya chini ya asilimia 10 ya sumu ya parathioni, lakini ya korodani ilinyonya karibu yote. Kabla ya kununua barakoa, basi, ziba bomba. Vaa buti na glavu za mpira. Za kitambaa hulowa na kuigandisha sumu kiganjani. Hatari huzidi wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado kali.

Parathioni na jamaa zake, organofosfati, huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Mate na jasho humtoka mtu, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwisho pumzi hukata. Lakini dalili huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, na hapo wengi husema ni malaria.

Dawa iliyobaki isihamishiwe chupa ya soda, wala isirundikwe stoo. Mbele kidogo ya Mbezi, huko Vikuge, Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada mwaka 1986 iliozea bandani mpaka banda likaanguka. Masalia yaliondolewa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta sampuli ya udongo ambayo zaidi ya robo ya uzito wake ilikuwa DDT na mabaki yake.

Mtu akimwagikiwa dawa, mvue nguo, umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa yenye lebo uibebe: tiba ya atropini humsaidia aliyedhurika na organofosfati au kundi jingine la viuatilifu, kabameti, lakini si kila sumu ya shambani, na daktari hawezi kuitambua kwa harufu.