Magitaa Matatu Yaliyozaa Moja

Mwaka 1970 mpiga gitaa Eric Clapton aliingia katika duka la Sho-Bud mjini Nashville, Marekani, akakuta Fender Stratocaster kuukuu zinauzwa kwa bei ya chini mno. Magitaa hayo ya umeme, yaliyotengenezwa miaka ya 1950, hayakuwa na soko kubwa wakati ule. Clapton akanunua sita. Matatu aliwagawia wanamuziki wenzake: moja George Harrison, la pili Pete Townshend, la tatu Steve Winwood. Matatu yaliyobaki aliyafungua: shingo ya hili, mwili wa lile, vinasa sauti vya jingine, akaunganisha kilicho bora mpaka akapata gitaa moja jeusi. Aliliita Blackie, na kwa zaidi ya miaka kumi, hadi katikati ya miaka ya 1980, ndilo alilolitegemea jukwaani na studioni.

Wapiga gitaa wengi wa nchi zilizoendelea leo wameishia mahali pengine kabisa. Hao ndio wenye magitaa tisa ukutani, amplifaya tatu chini ya kitanda na sanduku la pedali zisizokumbukwa zilinunuliwa lini. Si matajiri. Ni walimu, mafundi umeme, makarani wa benki, watu waliojifunza gitaa ujanani na kila mwaka wakaongeza kimoja. Sasa miongoni mwao umekua mwenendo wa kinyume: kuuza vingi vya wastani na kwa fedha hizo kununua kimoja au viwili vya daraja la juu. Ni uamuzi wa busara zaidi kuliko unavyoonekana, na sababu zake haziko kwenye fedha tu.

Ugonjwa huu wa kulimbikiza magitaa una historia. Walter Becker wa bendi ya Steely Dan aliuandikia katika miaka ya 1990, akieleza jinsi mpiga gitaa anavyotekwa na hamu ya gitaa jingine, na jingine tena. Alijua anachokisema. Becker alifariki mwaka 2017, na Oktoba 2019 nyumba ya mnada ya Julien's ilipouza vyombo alivyoviacha, orodha ilipita vipande elfu moja, na mauzo yakazidi dola milioni 3. Tangu alipoandika, kununua kumezidi kuwa rahisi. Soko la mtandaoni la Reverb, lililoanzishwa Chicago mwaka 2013, limemwezesha mtu kununua gitaa lililotumika kutoka nchi nyingine bila kuinuka kitini. Kisha likaja janga la korona: mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, kampuni ya Fender ilitangaza mauzo makubwa kuliko mwaka wowote wa historia yake.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu hunasa. Mpigaji akikwama kwenye kipande kigumu, dawa yake ni kukirudia polepole kwa majuma. Lakini dukani kuna pedali mpya inayoahidi sauti ileile aliyoisikia kwenye santuri, na inaweza kufika kesho. Anainunua, anafurahi siku mbili tatu, ule ugumu unabaki palepale kwenye vidole.

Gitaa lisilopigwa nalo halikai lilivyo. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, hivyo watengenezaji wa magitaa makavu, yaani yasiyo ya umeme, hushauri chumba chenye unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55. Hewa ikikauka, ubao wa uso husinyaa na unaweza kupasuka. Ikiwa na unyevu mwingi, ubao huvimba, tumbo la gitaa huinuka na nyuzi huwa juu mno kwa vidole. Shingo nayo huvutwa na nyuzi usiku na mchana, na ndani yake mna fimbo ya chuma inayopaswa kukazwa au kulegezwa kadiri misimu inavyobadilika. Nyuzi zenyewe hushika kutu, jambo ambalo yeyote aliyekaa pwani na gitaa analijua vizuri. Mwenye magitaa kumi ana seti kumi za nyuzi za kubadilisha na shingo kumi za kupima. Kwa kawaida hafanyi hivyo. Hutunza mawili anayoyapenda, manane yanazeeka kimyakimya, na kila mwaka unaopita yanapungua thamani.

Lakini gitaa "bora" ni lipi? Hapa inafaa kutulia, maana bei peke yake hudanganya. Katika magitaa makavu, tofauti kubwa ya kwanza iko kwenye ubao wa uso. Magitaa ya bei nafuu hutumia mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Hayo ni imara, hayapasuki ovyo, lakini sauti yake haina kina. Gitaa la daraja la juu lina uso wa ubao mmoja halisi, mara nyingi spruce au mwerezi, unaotetemeka kwa uhuru zaidi, na wapigaji wengi husema hufunguka sauti kadiri linavyopigwa. Tofauti ya pili iko mikononi mwa fundi: freti zilizosawazishwa ili uzi usigonge chuma kisichohusika, kidaraja cha juu kilichochongwa kwa mfupa badala ya plastiki, mifereji yake ikakatwa kwa kina kinachotakiwa. Mambo haya hayaonekani kwenye picha ya tangazo. Kwa hiyo mtu anayetaka gitaa bora, kabla ya kuuza chochote, afadhali alipeleke lile analolipenda kwa fundi mzuri. Si mara moja gitaa la kawaida limetoka mezani kwa fundi likawa ndilo lililokuwa likitafutwa dukani.

Ushahidi mkubwa wa kukaa na gitaa moja ni mwimbaji wa country Willie Nelson, na kwa bahati njema unapita dukani kulekule Nashville. Mwaka 1969 mlevi mmoja alikanyaga gitaa la Nelson huko Texas. Likapelekwa kwa Shot Jackson, mmoja wa waanzilishi wa Sho-Bud, naye akaona halitengenezeki. Badala yake alimuuzia Nelson, kwa njia ya simu, Martin N-20 ya nyuzi za nailoni kwa dola 750, akahamishia ndani yake kinasa sauti cha lile lililovunjika. Nelson alilinunua bila kuliona, akaliita Trigger. Gitaa la aina hiyo limekusudiwa kupigwa kwa vidole, halina kipande cha kukinga uso. Nelson akalipiga kwa pleki miaka nenda rudi mpaka ubao ukatoboka tundu la pili karibu na lile la asili. Halijatupwa. Fundi Mark Erlewine wa Austin amekuwa akilitunza kwa miongo kadhaa, na sauti yake hutambulika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Umaarufu huo haukutokana na bei. Umetokana na nusu karne ya mikono ileile.

Wakubwa wengine wameuza hadharani. Clapton alipeleka magitaa 100 kwenye mnada wa Christie's mjini New York mwaka 1999, na mwaka 2004 akaliachia hata Blackie, lililonunuliwa kwa dola 959,500. Fedha zilikwenda kwenye kituo alichokianzisha Antigua cha kuwatibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Juni 2019 David Gilmour wa Pink Floyd aliuza magitaa zaidi ya 120 kwa dola milioni 21.5, zote akazipeleka kwa ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira. Alijibakizia machache ya kufanyia kazi, na mwaka 2024 akatoa albamu mpya, *Luck and Strange*. Januari 2024 ikawa zamu ya mpiga gitaa Mark Knopfler mjini London: mnada wake ulipata zaidi ya pauni milioni 8.8, robo yake ikigawiwa mashirika matatu, likiwemo Tusk linalosaidia uhifadhi wa wanyamapori barani Afrika.

Afrika Mashariki tatizo la wingi halikuwahi kuwa kubwa. Katika bendi za dansi za Dar es Salaam, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliliacha gitaa akaondoka na vidole vyake. Na jirani Kongo, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, aliwashangaza wasikilizaji kwa gitaa kavu moja lililosikika kama mawili.

Kwa anayetaka kupunguza, njia yenye mafanikio huanza kwa kuangalia ni lipi mkono wenyewe hulichukua, siyo lipi lilikuwa ghali. Lile ambalo halijatoka kwenye mfuko wake kwa mwaka mzima lina jibu tayari. Lile la kwanza alilopewa na mzazi, au alilotungia nyimbo zake, lisiwekwe sokoni hata kama ni la bei ndogo. Wauzaji wengi hujutia hayo hasa. Kumuuzia mwenye duka ni haraka, ila naye lazima apate faida, hivyo bei huwa ndogo sana kuliko kumuuzia mpigaji moja kwa moja. Vitu vidogovidogo, yaani pedali na waya, huuzika upesi na hukusanya fedha nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Gitaa linalovuka mpaka likaguliwe mbao zake kwanza. Rosewood ya Brazili, iliyotumika sana katika magitaa ya Martin mpaka mwaka 1969, imewekwa tangu 1992 kwenye daraja kali kabisa la mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na gitaa lenye mbao hiyo haliruhusiwi kuuzwa nje bila vibali. Mwaka 2017 udhibiti ulipanuliwa hadi jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo rosewood hiyo ni mmojawapo, ukiwemo pia mpingo wa Tanzania; mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, isipokuwa vya rosewood ya Brazili. Muuzaji asiye na uhakika amwonyeshe fundi gitaa lake kabla ya kupiga picha za tangazo, kisha nyuzi zilegezwe kidogo, shingo ifungwe vizuri ndani ya sanduku gumu, na karatasi za ununuzi zisafiri pamoja na gitaa.