Nchi ya Chile na Waliopotezwa Wake

Nchi ya Chile imejinyoosha kandokando ya Bahari ya Pasifiki, kusini-magharibi mwa Amerika ya Kusini, kwa urefu wa takriban kilomita 4,300, hali upana wake kwa wastani haufiki kilomita 200. Kaskazini ni jangwa la Atacama, kusini ni barafu, na mashariki ni milima ya Andes. Wakazi wake ni kiasi cha milioni 19, lugha yao ni Kihispania, na rasilimali yao kubwa ni shaba, ambayo hakuna nchi duniani iitoayo zaidi. Zabibu husitawi sana, na samaki ni tele. Habari za bandari na kilimo nazipita, kwa kuwa fikra zangu zote zimebaki pembezoni mwa mji mkuu wa Santiago, katika kitongoji cha Peñalolén, mahali paitwapo Villa Grimaldi.

Hapo kale palikuwa shamba la matajiri. Majeshi yalipompindua Rais Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, na Jenerali Augusto Pinochet akashika hatamu, iliundwa polisi ya siri iliyoitwa DINA, mkuu wake Manuel Contreras, nayo ikapageuza pale kuwa gereza lisilokiriwa. Watu wapatao 4,500 walipitishwa hapo wamefungwa vitambaa machoni, wakateswa, na zaidi ya 200 miongoni mwao hawakurudi kwao. Kuua peke yake hakukuwatosha watu wa DINA. Ilibidi pia wakane kwamba marehemu aliwahi kushikwa, hata mama aendaye kuuliza habari za mwanawe aambiwe kwamba jina hilo halijulikani. Mwaka 1975 magazeti mawili, moja la Ajentina na moja la Brazil, yalichapisha majina ya watu 119 waliopotea, yakidai kwamba wameuana wenyewe kwa wenyewe ughaibuni, nayo ilikuwa hila ya DINA. Mkono wao ulifika mbali: Jenerali Carlos Prats aliuawa kwa bomu mjini Buenos Aires mwaka 1974, na Orlando Letelier, aliyekuwa waziri wa Allende, mjini Washington mwaka 1976.

Maiti wengine walifungiwa vipande vya reli ili wazame, wakatupwa baharini kutoka kwenye helikopta. Baada ya miaka mingi wapiga mbizi walizitoa reli hizo, na katika kipande kimoja kilikutwa kifungo cha shati kimeshikamana na kutu. Nimekiona kwa macho yangu, nacho kimenishika kuliko milima yote ya nchi ile.

Lakini lililoishinda DINA ni karatasi. Chini ya ulinzi wa Kardinali Raúl Silva Henríquez, wanasheria wa Kanisa walipeleka mahakamani maelfu ya maombi ya kutaka mahabusi waletwe mbele ya hakimu, na ijapokuwa karibu yote yalikataliwa, hawakuacha kuyaandika: jina, tarehe, saa, mtaa, shahidi. Utawala wa kiraia uliporudi mwaka 1990, tume ya ukweli ya Raúl Rettig ilizikuta nyaraka zile zimehifadhiwa. Contreras alifariki mwaka 2015 akiwa mfungwa, jumla ya hukumu zake imepita miaka 500.

Sisi Wakenya je? Kila siku tunapanga foleni Nyayo House kutafuta pasipoti, na ni wachache waulizao habari za vyumba vya chini ambamo mahabusi wa miaka ya 1980 walisimamishwa ndani ya maji. Tume yetu ya ukweli ilitoa ripoti yake mwaka 2013, na hadi leo mengi iliyoyapendekeza hayajatimizwa. Maiti waliopolewa kutoka Mto Yala tuliwazungumza kwa muda mfupi, kisha tukanyamaza, kana kwamba kusikitika ni badala ya kuhesabu. Hilo ni kosa letu sote, si la serikali pekee.

Basi mwenye jamaa aliyechukuliwa asirejee, na aandike leo hii jina lake, siku, saa, mahali na aliyeshuhudia, kisha nakala aziweke kwa watu wawili tofauti anaowaamini, wala asingoje tume.