Mpunga Ukijikunja Mchana, Haujafa

Pita mashamba ya Ipinda mvua ikiwa imekata wiki mbili, saa saba mchana, uangalie mpunga. Majani yamejikunja kama mkeka. Mtu wa mjini atakwambia shamba limekwisha. Wapi! Jani linajihami.

Ukame ukibana, jani hufunga stomata, vile vitundu vyake vya kupumulia, maji yasipotee. Sawa, ila hewa ya ukaa, malighafi ya usanisinuru, huingilia hivyohivyo vitundu. Chakula kinapungua, na jua la Kyela halina habari. Linazidi kumwaga nishati kwenye klorofili. Hatari yenyewe iko hapa, na darasani huwa tunairuka: nishati iliyokosa kazi huzalisha aina kali za oksijeni, nazo huharibu mitambo ya ndani ya jani.

Kinga ziko kadhaa. Seli kubwa za upande wa juu zikikosa maji hunywea, jani linajikunja, eneo linalopigwa jua linapungua. Ndani, rangi za njano ziitwazo zanthofili hubadilika kwa dakika chache tu, zikasaidia kuitoa nishati ya ziada kama joto. Jioni jua likilegea, jani hukunjuka.

Ukipangiwa mazoezi ya kufundisha huku, usiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Wapeleke wanafunzi shambani saa saba, kisha warudi alfajiri. Jani lililokunjuka limepata nafuu usiku. Lililobaki limejikunja mpaka asubuhi ndilo lenye kiu kweli, na mwenye mfereji afungulie maji siku hiyohiyo.