Usiruke wimbo: albamu moja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho

Zamani heavy metal kwangu ilikuwa kelele tu. Nasikiliza wimbo moja, naruka, nafunga. Siku moja nikaweka telefone chini, nikasikiliza Seventh Son of a Seventh Son ya Iron Maiden (Uingereza, 1988) yote: nyimbo 8, kama dakika 44.

Njo pale nilielewa. Ni hadithi moja: mtoto wa saba wa mtoto wa saba anazaliwa na kipawa cha kuona mambo ya mbele. Anaonya kijiji chake juu ya hatari, hawamusikie. Hatari inafika, wanamubebesha yeye kosa. Mwishoni, mwenye kuona yote haoni kifo chake mwenyewe.

Fuata besi ya Steve Harris yenye kukimbia, gitare mbili zenye kuimba pamoja, na sauti ya Bruce Dickinson. Kisha linganisha mwanzo na mwisho: kipande kile kile cha gitare isiyo ya umeme kinafungua albamu na kinaifunga. Ukiruka, hautakipata.

Sisi wenye diploma tunalalamika kwamba hatusikilizwi. Sawa. Lakini sisi wenyewe, nani tunamusikiliza mpaka mwisho? Tuanze na dakika 44.