Karte yenye inasimama, ya kumutumia baba kwenye mashimo

Wafaransa wanasherehekea mababa mwezi wa sita. Kwetu Kongo, baba na mama wako na siku moja, tarehe 1 ya mwezi wa nane. Asubuhi watu wanaenda kwenye makaburi kung'oa majani na kusafisha misalaba, kisha wanarudi nyumbani kwa wazazi wenye wangali hai. Siku hiyo mashule yameisha kufungwa, hakuna mwalimu wa kusaidia batoto kukata karatasi. Na ndani ya manyumba mengi ya Goma, baba mwenyewe hayuko. Iko Rubaya, iko Numbi, iko kule Walikale. Anarudi wakati shimo limetoa kitu, ao wakati anagonjwa.

Wasomaji wetu wachimbaji wanajua vizuri: simu ikilia jioni na ni namba ya nyumbani, mkono unaenda mfukoni mbele ya kwenda kwenye sikio. Unga umeisha. Kodi ya nyumba. Pesa ya shule. Si kosa la mama, hiyo pesa inahitajika kweli. Lakini baba wa namna hiyo anaweza kumaliza mwaka muzima bila kupokea kitu kutoka nyumbani chenye hakimuombi kitu.

Mwaka uliopita nilikaa chini pamoja na batoto wawili wa jirani, kijana wa miaka 9 na dada yake mudogo, tukatengeneza karte yenye ukifungua, picha inasimama yenyewe. Si kazi ya uchawi. Kinachohitajika: karatasi mbili za bristoli za A4, ao karto nyembamba ya biskuti, makasi, late, kole, biki moja ya kuandika na ingine yenye imekauka. Hiyo iliyokauka ndiyo fundi. Kabla ya kukunja, pitisha ncha yake kando ya late, kwa nguvu kidogo, na karatasi itakunjika sawasawa bila kupasuka.

Kunja karatasi ya kwanza katikati, ubavu mufupi juu ya ubavu mufupi. Pale kwenye mukunjo, katikati yake, kata mistari miwili ya kwenda sambamba, kila mumoja sentimeta 3, na kati yao acha sentimeta 4. Fungua, sukuma kile kipande kiingie ndani, funga tena, gandamiza. Sasa fungua nusu, upande mumoja ulale kama sakafu, mwingine usimame kama ukuta: utaona kitu kama kiti kidogo kimejitokeza. Picha inagandishwa kwa uso wa mbele wa kile kiti, miguu ikigusa sakafu.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Picha ikizidi urefu, karte ikifungwa kichwa cha baba kinatokea inje, na kufika Sake kimeisha kukunjika. Hesabu ni hii: A4 iliyokunjwa iko na karibu sentimeta 15 kutoka mukunjo mpaka ukingo. Ondoa zile 3 za kiti, inabaki 12. Picha isipite 11. Kijana wangu alichora baba wa sentimeta 14, na akakataa kabisa kumukata miguu. Tukaanza upya.

Mwishoni unagandisha karatasi hiyo ndani ya ile ya pili, yenye inakuwa kifuniko. Usitie kole nyuma ya kiti, hakitasimama tena. Kama kole ya duka haiko, uji muzito wa unga wa muhogo unatosha. Paka kidogo tu, juu maji yake yanapindisha karatasi, na acha karte chini ya kitu kizito usiku muzima. Sisi tulitumia Biblia ya bibi. Maneno na mistari ifanywe na biki, si na makeri za maji, zenye zinaenea kila mahali mara tu mikono yenye jasho inagusa.

(Mwenye kupenda historia ajue kwamba Lothar Meggendorfer, muchoraji wa München huko Ujerumani, alianza vitabu vyake vya picha zinazosogea kwa kumutengenezea mutoto wake zawadi ya Noeli, miaka ya 1870. Kule baba alitengenezea mutoto. Hapa tunageuza.)

Halafu, picha gani? Makarte ya duka yanaonyesha baba na kravati na masharubu, na mimi sijapata kumuona muchimbaji na kravati kazini. Chukudu inapendeza, inasimama vizuri na kila mutu wa Goma anaipenda. Kijana yeye alitaka baba mwenyewe: mabuti, toroshi kwenye kichwa, matope mpaka magoti. Nyuma yake akachora shimo. Lile shimo lilikuwa na mulango na madirisha mawili, juu yeye hajafika kule hata siku moja.

Mama yake akaangalia, hakufurahi. "Baba yako hapendi batu bamuone na matope."

"Lakini mama, njo kazi yake."

Walibishana muda murefu, na sikujua nani iko na haki. Mwisho, kwenye kifuniko kijana alichora baba na shati nyeupe ya siku ya Mungu. Ndani, matope yalibaki.

Kuhusu maneno, niliomba kitu kimoja: pesa isitajwe. Kijana akaandika kwamba amepita darasa na kwamba mbuzi amezaa. Dada yake alitaka kuandika "baba, uniletee kinga". Tulikataa. Baadaye niliikuta nyuma ya karte, kwa maandishi madogo sana, na niliiacha.

Karte iliyofungwa inalala bapa. Itie ndani ya sashe, kati ya vipande viwili vya karto, umupe motari ao munegosian mwenye unamujua, siku saba mbele ya sikukuu. Kwa baba wa mbali zaidi, picha ya simu haitoshi, juu haionyeshi kitu kikisimama. Afazali video ya sekonde 10, mikono ya mutoto ikifungua.

Kuna pia batoto wenye watakwenda makaburini asubuhi ile. Kuna hata wenye hawana kaburi la kung'oa majani, juu udongo ulianguka na baba akabaki ndani. Hao wasiambiwe kwamba karte si yao. Wanaweza kuitengeneza vilevile na kuifungua mezani, kando ya picha yake. Isiachwe inje, vumbi la mwezi wa nane linamaliza karatasi haraka.

Karte yetu ilifika Rubaya siku moja mbele. Jioni simu ikalia, safari hii ni baba alipiga. Aliuliza nani amemwambia kijana kwamba mashimo yako na madirisha. Kijana akauliza: sasa munapumua namna gani? Baba akaanza kueleza, kuhusu miti ya kushikilia udongo, kuhusu hewa, kuhusu nani anaingia kwanza, mpaka maunite yakaisha.