Mchanga wa Mto Ndio Tangi Letu la Kiangazi

Mito mingi ya Makueni hutiririka siku chache baada ya mvua, kisha hukauka. Hata hivyo, anayechimba katikati ya mto mkavu mwezi wa Agosti mara nyingi hupata maji. Bwawa la mchanga limetokana na ujuzi huo wa zamani.

Bwawa hili ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Mafuriko yakija, mchanga ulio mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi huvuka. Ndiyo maana penye tope jingi ukuta hupandishwa kwa hatua: ukiwa mrefu tangu mwanzo, maji hutulia, tope likatua, na tope halitoi maji kwa urahisi. Mchanga wa chembe kubwa huweza kutoa maji kiasi cha robo ya ujazo wake. Jua haliyakaushi upesi kama ya silanga, wala mbu hawazaliani humo.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikifeli mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, ulitukumbusha kwamba lazima tuweke akiba kila mvua inaponyesha. Mchanga ukiondolewa, akiba haina pa kukaa.

Tupige hesabu. Lori likibeba mita 10 za ujazo za mchanga, limeondoa nafasi ya lita 2,500 hivi, yaani mitungi 125 ya lita 20. Hasara hiyo hurudi kila msimu, mara mbili kwa mwaka, hadi mto ulete mchanga mwingine. Kwa hiyo sheria ya kaunti ya 2015 kuhusu uhifadhi na matumizi ya mchanga si ya kuwasumbua vijana wa malori. Uvunaji unahitaji kibali.

Wakazi wanaotaka bwawa waanze kwa kuwauliza kina mama wanaoteka maji: ni kisima kipi cha mchangani hudumu hadi Oktoba? Aghalabu hapo chini pana mwamba. Wahandisi nao wawasikilize kabla ya kufungua ramani. Kisha mashamba ya juu yachimbwe fanya juu, tope lisishuke. Mifugo inywe kwenye birika mbali na kisima, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.