Pasi ya Umeme Ikikataa Kuwaka: Ichunguze Kabla ya Kuitupa

Katika nyumba zetu, hosteli na vikundi vya ushonaji, pasi ya umeme hufanya kazi kila siku na huharibika mapema. Ikikataa kupata moto, wengi huisukuma uvunguni na kununua nyingine. Lakini mara nyingi ubovu uko kwenye plagi au waya, na mtu mwangalifu anaweza kuurekebisha nyumbani kwa gharama ndogo.

Kwanza chomoa pasi kwenye soketi, uiache ipoe kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha fuata hatua hizi:

1. Jaribu soketi kwa taa au redio. Isipowaka, tatizo si pasi.

2. Kagua fyuzi. Plagi ya miguu mitatu bapa huwa na fyuzi ndani. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kiwango kilekile. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 hutumia ampea 4.3 hivi, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inaitosha. Kamwe usiweke waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Hitilafu ikitokea, hakuna kitakachokata umeme, na nyumba inaweza kuungua.

3. Kagua waya, hasa unapoingia kwenye pasi. Hapo hupindwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika ndani ingawa ganda la nje ni zima. Dalili yake ni pasi kuwaka na kuzimika unapoisogeza. Usiunge kwa solotepu. Badilisha waya wote. Nunua waya maalumu wa pasi, kwa kuwa ganda la waya wa redio huyeyuka.

4. Kabla ya kulegeza skrubu, andika kila rangi ilikofungwa. Kahawia ni laini, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Nyaya za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani.

Msiiache ethi. Pasi isiyo na ethi hupata moto kama kawaida, lakini laini ikigusa bati, mpiga pasi ndiye atakayepigwa na umeme. Baada ya matengenezo, fundi mwenye tesita athibitishe kwamba ethi imeshika bati.

Themostati na elementi ni kazi ya fundi. Uliza bei kwanza. Huenda ikakaribia bei ya pasi mpya.

Kwa wafadhili wanaotutumia vifaa: tafadhali someni kibandiko. Pasi ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 huvuta karibu mara nne ya nguvu yake, na huungua upesi. Inayofaa huku imeandikwa volti 220–240.

Tunazishauri kamati za parokia zikusanye pasi mbovu mahali pamoja na kumwita fundi kwa siku moja. Vijana wajifunze kwake, na zitakazopona zirudi kazini.